Jina Ndani ya Kola

Uvumi ulinifikia nikiwa na pini tatu mdomoni, nimepiga magoti kupima pindo la sketi. Aliyeuleta ni jirani yangu msusi, ambaye habari haijawahi kulala kifuani mwake hata siku moja.

"Mama fundi, umesikia? Yule mtoto amerudi."

"Mtoto gani?"

"Si yule Kwanini, aliyefia shuleni. Kiranja aliyemsikia akiita akapita zake, tangu juzi hana sauti. Wala si mafua, haipo kabisa! Na leo mwalimu wa zamu kasimama mbele ya darasa, kafungua mdomo, kimya. Anawapitia mmoja mmoja."

Nilitema pini kiganjani. "Hizo ni hadithi za wasichana. Wanaandikiana kwenye madaftari: msichana mkorofi kafa, karudi, kalipiza kisasi. Wangu anazo tele chini ya godoro."

"Haya. Heri yako wewe mwenye roho ngumu."

Sikuwa nayo. Uvumi ule ulinasa ndani yangu kama uzi chini ya sindano ya cherehani. Kila nikiuvuta, unazidi kujisokota. Sare ya mtoto yule niliishona mimi. Na siku ile msusi anazungumza, blauzi yake ilikuwa shuleni, mgongoni mwa binti yangu.

Kwanini lilikuwa jina la utani, alilipata kwa maswali yake. Mara ya kwanza aliletwa kwangu na shangazi yake aliyemlea. Shule ile ina utaratibu wake: jina la mwanafunzi linashonwa kwa uzi mwekundu ndani ya kola, nguo zisipotee. Nilipomaliza kulishona, mtoto aligeuza kola akalitazama.

"Mama fundi, kwa nini jina mnaliweka mahali ambapo nikivaa siwezi kulisoma?"

"Ili nguo ikiokotwa tujue ya nani."

"Basi jina ni lenu, si langu."

Shangazi yake alimfinya. Mimi nilicheka, lakini moyoni nikasema huyu na wangu wametoka kiwanda kimoja. Binti yangu nyumbani tulimwita Bi Ubishi. Ukimwambia jua limetoka, anakwenda kwanza mlangoni kuhakikisha. Haikupita wiki wakawa marafiki. Kwanini alikuwa na pumu. Akibishana sana kifua kinapiga filimbi, na hoja yake anaimaliza vilevile.

Mwaka ule mkuu wa shule alituita wazazi. Wasichana wamekuwa wakaidi, alisema, wanajibizana na walimu. Aliomba ridhaa yetu: anayezidi afungiwe saa moja katika stoo ya madawati mabovu, apoe. Wazazi tulitazamana. Sasa mimi asubuhi ile nilikuwa nimegombana na Bi Ubishi mpaka nikaunguza kitambaa cha mteja kwa pasi. Nikasimama, wa kwanza kabisa.

"Wafungiwe tu, Mkuu. Wanyamaze kidogo, na sisi tupumue."

Watu walicheka, wakapiga makofi. Mikono ikapanda ukumbi mzima. Nilikaa kitako nikiona fahari, kama mtu aliyesema la maana.

Kwanini alifungiwa kwa swali. Mwalimu wa zamu akaitwa kikao cha mbali, akaondoka na ufunguo mfukoni. Saa moja ikawa saa nne. Mtoto aliita. Kiranja alimsikia akadhani ni ukorofi wake wa siku zote. Binti yangu peke yake ndiye aliyegonga mlango ule hadi vifundo vya vidole vikachubuka, akafukuzwa arudi darasani. Walipofungua, dawa yake ya kuvuta ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa juu ya dawati lake, darasani.

Msibani sikuweza kumtazama shangazi yake usoni. Hakujua nilichosema; siku ya kikao alikuwa kazini, kwenye udobi wake. Majuma machache baadaye alinijia na mfuko.

"Fundi, sina macho ya kuzitazama hizi. Wape wasio nazo."

Ndani mlikuwa na blauzi, karibu mpya. Ya binti yangu ilikuwa imechanika kwapani, na kazi za wateja zilinijaa hadi dirishani. Nikachukua wembe. Nikafumua jina la marehemu herufi kwa herufi, nikafagia vijiuzi vyekundu, nikashona jina la wangu juu ya matundu yaleyale. Sikumwambia. Alipouliza imetoka wapi, nilimwambia vaa, utachelewa.

Ndiyo maana maneno ya msusi yalinikosesha utulivu. Hata hivyo nilijipa moyo: binti yangu aligonga mlango. Yeye hana kosa.

Kesho yake nilimkemea kwa sababu ya kitanda kisichotandikwa, kisha nikangoja jibu, maana jibu lake halijawahi kuchelewa. Halikuja.

"Umeninunia?"

Akatikisa kichwa. Akafungua mdomo. Mishipa ya shingo ilimsimama, midomo ikaunda maneno, na hakikutoka kitu. Hata mnong'ono. Nilidhani ananifanyia mzaha, nikainua mkono nimzabe kofi. Kisha nikayaona macho yake, mkono ukaniganda hewani.

Daktari alimmulika kooni akasema koo ni safi, hana cha kutibu. Nilirudi naye nyumbani. Nikamvua blauzi, nikageuza kola.

Nilikaa chini sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa. Jina la binti yangu halikuwepo. Lilikuwepo la Kwanini, kwa uzi mwekundu, na mshono ulikuwa wangu. Fundi anaujua mkono wake kama anavyojua kikohozi chake. Ile herufi ya mwisho niliyoipinda mara ya kwanza, kwa kuwa uzi ulikuwa unaniishia, ilikuwa imepinda vilevile. Jina nililolifumua mwenyewe! Vijiuzi nilivyovifagia mwenyewe!

Binti yangu alichukua chaki yangu ya kukatia nguo. Juu ya kitambaa cheusi kilichokuwa mezani akaandika: *Hana ugomvi na mimi.* Akasita, kama mtu anayesikiliza. Akaandika chini yake: *Anauliza kwa nini ulisema wanyamaze.*

Sikuwahi kumwambia. Wala mzazi yeyote hakuwa na ujasiri wa kuyarudia maneno yale baada ya msiba. Niliomba mbele ya watu wanyamaze. Basi wangu amenyamaza. Nilichotaka nimepewa.

Sikungoja. Niliikunja blauzi, nikamshika mtoto mkono, tukaenda kwa shangazi jua likiwa utosini. Tulimkuta uani, anaanua mashuka ya watu.

"Karibu fundi. Mbona hivyo? Mtoto anaumwa?"

"Dada, ni mimi niliyesema wafungiwe. Nilisimama wa kwanza kikaoni. Nikasema wanyamaze kidogo, na sisi tupumue. Watu wakacheka."

Shuka lilimponyoka likaanguka matopeni, hakulitazama. Nilitaraji kelele. Nilitaraji hata kupigwa, na ningepokea. Alinikazia macho, akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo sijawahi kujua kama ilikuwa yake:

"Kwa nini?"

Majibu nilikuwa nayo. Kwamba nilichoka. Kwamba niliunguza kitambaa cha mtu. Kwamba nilimwogopa binti yangu mwenyewe, jinsi anavyofikiri bila kuniomba ruhusa. Nilifungua mdomo nimpe yote.

Nyuma yangu mtu akasema, "Mama? Mama, mbona husemi?"

Ilikuwa sauti ya binti yangu.

Huu ni mwaka wa pili. Daktari yuleyule amenimulika, amesema koo ni safi. Kiranja na mwalimu walipata sauti zao siku walipokwenda uani pale kukiri walichofanya. Mimi nilisema langu, ila swali bado sijalijibu, na nikiandika jibu kwenye karatasi shangazi hulirudisha bila kulisoma. Kwa hiyo nawaandikia wenzangu wenye mabinti.

Usiende kikao cha shule na hasira ya nyumbani.

Usikubali mtoto afungiwe mlango, hata kwa dakika tano.

Usimtenge mwenye pumu na dawa yake.

Usimvalishe mwanao nguo ya marehemu bila kumwambia.

Usifumue jina la mtu ili uweke la mwingine.

Usichome madaftari yao ya visasi. Omba uyasome.

Na ukija kwangu kupimwa, binti yangu ndiye atakayekupokea, maana ndiye anayenisemea. Atabishana nawe juu ya rangi, juu ya mkato, juu ya urefu wa mikono yako mwenyewe. Usimwambie anyamaze.