Chaki Juu ya Cherehani

Mthamini alifika nyumbani kwa Khalif Olow saa tatu asubuhi akiwa na daftari, kipande cha chaki nyeupe na mafua. Alikuwa mtu wa bara, mpole wa sauti, na kazi yake ilikuwa kuingia katika nyumba za watu waliofilisika na kuandika kila kilichomo kingeuzwa kwa bei gani. Cha kuuzwa alikipiga alama ya chaki. Cha kubaki alikipita.

Hawo, mke wa Khalif, alikuwa amefagia tangu alfajiri kama mtu anayengoja wageni wa harusi. Na wageni walikuwepo kweli. Khalif, kwa akili zake mwenyewe, alikuwa amewaita wanaume saba wa ukoo wake waje kukaa naye, kwa sababu kwao mwanamume haachwi peke yake mbele ya serikali. Walijipanga sebuleni, vikombe vya chai mikononi, macho kodo. Kati yao alikuwamo Hirsi, binamu yake, mwenye duka la nguo sokoni, ambaye naye alikuwa akimdai.

Mambo yalikuwa hivi. Mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba mvua ilinyesha Garissa mpaka watu wakasahau vumbi linafananaje. Mto Tana ukafurika, barabara ya Nairobi ikakatika, na maji yalipoanza kupungua ukaingia ugonjwa wa mifugo. Khalif alikuwa amenunua mbuzi mia tatu na ng'ombe arobaini kutoka Hulugho kwa fedha za kukopa. Wiki mbili tu, akabaki na fimbo. Miaka mingine ukoo ungechanga ukamlipia, lakini mwaka ule kila mtu alikuwa na mizoga yake. Tajiri wa Nairobi aliyemkopesha akaapa kumfunga jela, na wakili mmoja wa mjini akamshauri akimbilie mahakamani ajitangaze mufilisi. Ndiyo maana leo mtu wa mafua alikuwa akifungua kabati la Hawo bila hodi.

"Kabati, mia nane," alisema, akiandika.

"Mia nane?" Hawo alishindwa kujizuia. Akamgeukia kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Sisi tulinunua elfu sita!"

"Mama, siandiki mlichotoa. Naandika nitakachopata siku moja ya mnada."

Redio, mia tatu. Chupa mbili za chai, mia moja kwa pamoja. Meza, mia mbili, maana mguu mmoja ulikuwa umefungwa kamba, na mthamini aliinama akauonyesha ili kila mtu aone. Wale wanaume hawakucheka, la, walikohoa tu. Hirsi alikuwa akinong'ona kila bei baada ya kutajwa, kama mtu anayekariri sura.

Kisha mthamini akaifikia mikeka na vyombo vya maziwa vya kusuka ambavyo mama yake Hawo, marehemu Weris, alivitengeneza kwa miezi minane, vidole vikimchubuka, alipokuwa akimwozesha binti yake. Akakigeuza chombo kimoja, akakinusa, akakirudisha. "Hivi havina soko. Sifuri." Hawo alishukuru kwamba vimebaki, na papo hapo akaumia. Angalau mguu wa meza ulikuwa na bei.

Lakini si vyombo hivyo alivyokuwa akivichunga. Alikuwa akichunga kona ya chumba cha nyuma, ambako chini ya kitambaa cha maua ilisimama cherehani nyeusi ya kukanyaga. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Tangu mifugo ife, watoto wanne walikuwa wakila sare za shule, mapazia na foronya.

Mji mzima ulijua kwamba Hawo ni fundi hodari. Mji mzima ulikuwa umedanganywa. Hawo aliinunua cherehani ile miaka minne nyuma kwa kuuza bangili zake za dhahabu, akajaribu, na mshono wake ukaenda kama njia ya mbuzi. Akaifunika. Aliyeifunua ni Khalif, mifugo ilipokwisha kufa na yeye amekaa ndani bila kazi. Akaanza kuichokoachokoa kwa kutaka tu kujua inavyokwenda, na kabla mwezi haujaisha alikuwa anaweza kupachika kola iliyonyooka vizuri kuliko zile za mafundi wa sokoni. Mikono ile ya kushika fimbo, nani angedhani?

Ila katika ukoo wao mwanamume ni wa ng'ombe na ngamia. Kazi ya mikono ina watu wake, na watu hao hawaozwi mabinti. Basi Khalif alishona adhuhuri mji ukiwa umelala kwa joto, mlango umefungwa kwa komeo, na Hawo akafungwa naye. Cherehani ikilia, Hawo hakuruhusiwa kukanyaga nje, asije akaonekana sokoni wakati mashine yake inasikika nyumbani. Siku moja jirani yao Nafiso alipiga hodi, na ikabidi Hawo ajichome sindano kusudi ili atoke na kidole chenye damu. Mwaka mzima aliishi hivyo, na sifa akapewa yeye.

Wakili aliwaeleza wazi. Sheria inamwachia mufilisi nguo zake, malazi ya watoto wake, na vifaa vya kazi ya mikono yake mwenyewe. "Utasema ni kifaa chako cha kazi," Hawo alimwambia mumewe siku mbili kabla. "Sentensi moja tu, Khalif." Naye alijibu kwamba atasema. Halafu akaenda kuwaita wale saba.

Mthamini alivuta kitambaa. Wanaume wakasogea mlangoni kutazama.

"Hii anaitumia nani?"

Khalif alitazama sakafu. Hirsi akadakia kwa Kiswahili, ili mgeni naye afaidi: "Si huyu, bwana mkubwa! Huyu kifungo yake ikikatika analia, anaita mama watoto!"

Wakacheka wote sasa, kicheko cha kweli. Mthamini hakucheka. Alipenga kamasi, akamwangalia Khalif mikononi. Alikuwa ameona mafuta ya mashine kwenye kucha zake.

"Mzee, nakuuliza tena. Kama ni kifaa chako cha kazi, naipita naenda zangu. Fikiri kwanza. Nani anashona hapa?"

"Mwanamke," alisema Khalif.

"Una hakika?"

"Wallahi, mwanamke. Mimi mtu ya ng'ombe. Mimi si fundi."

Aliapa. Hawo alilisikia lile jina la Mungu likipita chumbani kwa ajili ya cherehani. Yeye naye alikuwa na ile sentensi waliyokubaliana mdomoni, tena ya kweli, lakini kumvua mume nguo mbele ya ukoo wake hakuweza. Akashika njia nyingine. "Ni yangu, basi. Dhahabu yangu ilinunua."

"Risiti iko?"

Ilikuwepo. Hawo aliitoa chini ya godoro, imekunjwa mara nne, na mthamini akaisoma kwa sauti: Khalif Olow. Mwenye duka alikuwa ameuliza jina la bwana, kama wafanyavyo wenye maduka, na siku ile Hawo hakuona ubaya.

"Kwa karatasi ni mali ya mzee. Kwa mdomo wake si kifaa chake cha kazi." Mthamini alipiga chaki msalaba mkubwa juu ya mbao. "Elfu moja na mia mbili. Pole, mama."

Jumamosi ikauzwa, na aliyeinunua ni Hirsi, kwa bei ile ile aliyoinong'ona. Jumatatu ilikuwa imesimama barazani mbele ya duka lake, na Hirsi mwenyewe akaja hadi mlangoni kwa Hawo, kwa adabu zote.

"Dada, nina oda ya sare sitini, shule zinafungua wiki ijayo. Mashine unaijua. Njoo unishonee, shilingi ishirini kila moja."

Alipoondoka, Hawo alimgeukia mumewe. "Umesikia. Nenda."

"Amekuita wewe."

"Khalif, mimi siwezi kushona hata kitambaa cha pua. Unajua."

"Jaribu. Utajifunza." Akavaa kofia yake, akaenda zake kunywa chai.

Basi Hawo alikwenda, kwa sababu debe la unga lilikuwa tupu na kwa sababu hasira ilikuwa imempanda mpaka haoni. Aliketi barazani mbele ya soko zima. Wanawake aliowapelekea nguo mwaka mzima walisimama kumtazama bingwa wao. Ng'ambo ya njia, kwenye kibanda cha chai, Khalif alikuwa amekaa na wale wengine sita wa ukoo.

Uzi ulikatika mara nne. Mara ya tano alishona mkono wa shati ukajikunja, akafumua, akashona tena, ukajikunja zaidi. Shamso, mke wa Hirsi, aliunyakua akauinua juu.

"Hawo! Huu ni mkono wa nani, wa kilema? Na zile nguo zetu zote nani alikuwa akizishona?"

Wanawake wakaangua kicheko. Hawo aliinua macho akamtafuta mumewe. Alimwona vizuri kabisa, na yeye alimwona, na alichofanya Khalif ni kugeuza uso na kupuliza chai yake.

Hapo ndipo Hawo aliposimama na kusema kwa Kisomali, kwa sauti ya mtu anayeita ngamia: "Fundi yule pale! Ndiye aliyekushonea hiyo nguo uliyovaa, Shamso. Ndiye aliyeshona foronya mnazolalia nyote. Mwulizeni, na safari hii asiape!"

Kule kibandani watu waligeuka kumtazama Khalif. Mmoja wa wale sita alisogeza kigoda chake, kidogo tu, mbali na Khalif. Kisha mwingine.

Hirsi peke yake hakushangaa wala hakucheka. Alikuwa mfanyabiashara. "Ni kweli, ina adeer?" aliuliza kutoka barazani, akimwita binamu yake kwa heshima ya damu. "Basi njoo ufanye kazi. Shilingi kumi."

"Ulisema ishirini," alisema Hawo.

"Nilisema ishirini kwa fundi mwenye jina."

Khalif alivuka njia. Hakuwa na pengine pa kwenda, kibandani kwa wenzake hapakuwa tena na nafasi yake. Aliomba jambo moja tu, kwa sauti ya chini, kwamba cherehani iingizwe ndani ya duka. Hirsi akamjibu kwamba ndani kuna giza. Khalif akaketi, akachukua wembe na kuanza kufumua mkono ule aliouharibu mkewe, uzi baada ya uzi, bila kumwangalia. Alama ya chaki ilikuwa bado pale, na kiwiko chake kiliifuta polepole kila alipovuta kitambaa.

Hawo alichukua kikapu akaelekea upande wa mboga. Nyuma yake mashine ilianza kulia, mlio ule alioufungiwa nao mwaka mzima, mwepesi na usiokosea. Kwa mara ya kwanza ilikuwa ikilia naye yuko nje, mchana kweupe, na hakuna aliyemkataza kutembea. Aliwahi kudhani siku hiyo ikija atafurahi. Alinunua vitunguu viwili, kisha akakaa chini kando ya muuzaji, maana nyumbani hakuwa na hamu ya kurudi.