Ulimi wa Filamu

Baba alipiga picha za watu kwa miaka arobaini na mmoja, na alipojua kwamba hatapona ndipo akataka kupiga za kwetu.

"Mganga hajigangi," alisema. "Maharusi wa mji huu wote nimewapiga, na wanangu sina hata albamu."

Mimi riziki yangu ni simu. Nina kibanda, nabadilisha vioo vilivyopasuka. Nikampa yangu, nikamwambia apige hata elfu. Aliigeuza mkononi, akanirudishia.

"Hii inapiga kama kuku anavyodonoa, binti yangu. Haina shabaha."

Kwenye friji ilikuwa imebaki filamu moja. Mikono yake ilishaanza kutetemeka, kwa hiyo niliipachika mimi kwenye kamera, kazi aliyonifundisha nikiwa mdogo. Unachomeka ulimi wa filamu kwenye ufa wa kigurudumu, unavuta mara mbili, unahakikisha meno yameshika matundu, ndipo unafunga mgongo wa kamera. Siku hiyo nilikuwa nimebana simu kati ya sikio na bega, mteja ananisumbua kuhusu kioo chake. Nikachomeka, nikafunga.

"Umeona imeshika?" Baba akauliza.

"Imeshika."

Miezi miwili iliyofuata alipiga kidogokidogo, kama mtu anayelamba asali asiimalize. Alimpiga Mama akianua nguo. Alimpiga kaka yangu amelala kwenye kochi, mdomo wazi, gazeti kifuani. Jumamosi moja akanipa kamera nimpige yeye na Mama mlangoni. Mama alibadilisha kitambaa cha kichwa mara tatu. Baba alivaa koti lake la kazini, ambalo sasa lilimning'inia kama limeazimwa. Kaka alipojaribu kuwapiga kwa simu, Baba aliziba uso kwa kiganja. Alitaka iwe moja tu, na iwe ya ile kamera.

Alifariki Alhamisi asubuhi. Wageni walipoondoka, Mama akaniambia, "Nenda kanisafishie ile ya mlangoni. Nyingine hata zikichelewa."

Mjini alikuwa amebaki fundi mmoja tu wa kusafisha filamu. Walianza kazi pamoja na Baba. Watu walimwita Popo kwa sababu ya kuishi gizani, na chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la fundi cherehani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Pole, mwanangu. Kaa."

Nikaiweka kamera mezani. Aliitazama bila kuigusa. Nikauliza kama dawa za kusafishia bado anazo.

"Za filamu mbili tatu. Zikiisha nafunga. Siku hizi wanaokuja ni vijana na kamera za babu zao, wanataka picha zitoke na ukungu na mikwaruzo. Maisha yangu yote nimepigana na mikwaruzo, leo ndiyo inayotafutwa."

Akasogea nayo dirishani, akashika kitasa cha mgongo wa kamera.

"Baba mdogo, mwanga," nikasema. Mtoto wa mpiga picha hasahau hilo.

Akafungua palepale, juani.

Filamu ilikuwa imelala kama nilivyoiweka. Ulimi wake ulikuwa pembeni ya ufa, haukushika popote. Haikuwa imesogea hata kidogo kutoka kwenye kopo lake.

"Alijua," Popo akasema, macho yake yakiwa kwenye kamera. "Alinipigia simu wiki tatu kabla hajafariki. Namba ya picha ilishapita thelathini na sita, mwisho wa filamu, na bado inavuta. Akazungusha kishikio cha kurudishia filamu, akakikuta chepesi, hakuna kilichoshika. Nikamwambia akuite uipachike upya. Akasema, 'Ataumia. Nikipata nguvu nitaipachika mwenyewe, watakaa tena niwapige.' Nikasema nije mimi. Akaniambia njoo Jumapili. Jumapili nikakuta amelazwa."

Nilikuwa nimejiandaa kulia, ikaja hasira. Alinikinga na aibu ya dakika mbili, akaniachia ya maisha. Angeniita tu. Ningesema samahani, tungecheka, wangesimama tena mlangoni.

Popo akafunga kamera taratibu. "Mwambie mama yako dawa zangu zimeiharibu. Mimi nafunga, jina langu halina kazi tena. Wacha lawama zije kwangu."

Njia nzima niliufanyia mazoezi uongo huo, nao ulikuwa mtamu. Lakini nilipoingia nikamkuta Mama amesogeza kalenda ukutani na kupigilia msumari mpya, anafuta vumbi kwenye fremu. Ulimi ukagoma. Nikamweleza yote, tangu ile simu begani.

Aliendelea kuifuta ile fremu, pembe kwa pembe.

"Hata ya mlangoni?"

"Hata ya mlangoni."

"Na alijua."

"Alijua, Mama."

Akaiweka fremu chini, kioo kikitazama sakafu. "Alivaa lile koti hadi jioni," akasema. "Na joto lote lile." Kisha akaongeza, "Kaka yako usimwambie. Yule ana mdomo."

Hakunilaumu, wala hakunifariji.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa Popo, akanipachikia filamu yake mwenyewe, tukahakikisha meno yameshika. Nikamwomba Mama akae nimpige.

"Kwa kamera hiyo, hapana," akasema. "Tumia simu. Nataka kujiona sasa hivi."

Nikampiga. Akaikuza kwa vidole viwili kama nilivyomfundisha, akajitazama, kisha akaanza kusukuma picha pembeni, moja baada ya nyingine, akitafuta. Nilijua anatafuta nini. Alipofika mwisho alinirudishia simu, akaenda jikoni.

Popo alifunga chumba chake mwezi uliofuata. Aliyekipanga anauza vocha na viroba vya mkaa.

Mimi bado niko kibandani. Watu huniletea simu zilizokufa, zenye picha za marehemu wao, wakiniomba niwatolee hata moja. Hizo huwa naziweka mbele ya kazi nyingine, na nikizishika sipokei simu ya mtu. Mara nyingine hakuna kinachotoka. Basi nawaambia siku hiyohiyo, kisha nawavutia kiti.