Fisimaji wa Chini ya Daraja

Ofisini walimwita Asilimia, maana hata ukimuuliza kama chai imeiva alikujibu kwa asilimia. Kazi yake ilikuwa kupima afya ya mto wa mjini kwa modeli ya kitakwimu. Aliingiza kwenye kompyuta vipimo vya uangavu wa maji, oksijeni, mabuu ya wadudu na samaki wadogo, nayo ikamwambia ni viumbe gani wengine wangeweza kuishi humo. Miaka nenda miaka rudi jibu lilikuwa lile lile: mto mahututi.

Jumamosi moja asubuhi, akiwa nyumbani, modeli ikadai kwamba chini ya daraja la reli huenda fisimaji amerudi, yule mla samaki aliyetoweka zamani. Asilimia akakagua kila kipimo, akarudia hesabu. Fisimaji hakubanduka. Akampigia simu mkuu wake.

"Mto ule?" mkuu akacheka. "Mwanangu, hesabu zako zina homa. Pumzika."

Kupumzika kukamshinda. Jikoni alikuwepo wifi yake, fundi cherehani aliyekuja kuwatembelea, akimenya viazi.

"Wifi, acha viazi. Twende tukamtafute mnyama."

"Mnyama gani?"

"Wa kwenye hesabu."

"Basi huyo hang'ati," wifi akasema, akajifuta mikono.

Walikaa ukingoni, miguu majini. Wifi alikuwa katikati ya kumteta kaka yake, mume wa Asilimia, anavyokoroma, mara kichwa chenye masharubu kikachomoza, kikawatazama kama mpangaji aliyegongewa mlango mapema. Mnyama akapanda jiweni na samaki mdomoni, akaanza kula bila kuwajali. Nyuma yake kikaibuka kichwa kingine, kidogo. Halafu kingine.

Asilimia akachomoa simu kwa pupa apige picha. Ya kwanza ikawa ya magoti ya wifi. Wakashikana, wakacheka midomo wameiziba, machozi yakawatoka.

"Ana watoto," alinong'ona. "Wifi, ana watoto. Hilo hata modeli haikuthubutu kulisema."

Picha iliyotoka vizuri aliituma kwa mkuu bila neno. Muda si muda pikipiki ikasimama darajani, mkuu akashuka na malapa, shati kaligeuza ndani nje. Akateremka akishikilia nyasi, akaketi topeni bila kutazama anapokaa.

"Wako wapi?"

Wifi akamwonyesha kwa kidevu. "Sogeza kichwa, mzee. Unaniziba."