Weka Frii

Leonor Borba alifikisha miaka sitini na mmoja bila kununua gari jipya hata moja. Aliendesha magari yaliyokwisha kuchoshwa na wenzake, yenye milango isiyofunga na viti vilivyonuka maziwa yaliyoganda, mpaka Machi ya mwaka 2009, siku aliposhuka mbele ya nyumba ya mdogo wake nje kidogo ya mji wa Tulare akiwa na gari la rangi ya fedha ambalo bado lilikuwa na nailoni kwenye viti.

Idalina alitoka akijifuta mikono kwa aproni, akalizunguka gari mara mbili. "Umeposwa, dada?"

"Na nani? Mimi nimejiposa mwenyewe."

Mume wa Idalina, Manuel Toste, alikuwa na ng'ombe mia nne wa maziwa na maneno machache. Alichungulia ndani, akaona zulia la kiwandani, laini na jeupe, akatikisa kichwa. Siku ya pili alimletea shemeji yake kipande cha mpira mzito, wa aina ile wanayotandika kwenye banda la kukamulia, amekikata kwa kisu kikaenea vizuri pale kwenye miguu ya dereva. Akakilaza juu ya zulia.

"Mavi ya ng'ombe wangu hayatambui gari jipya, shemeji," alisema. Leonor akacheka, akamshukuru.

Miezi minane gari likaenda bila shida. Leonor alilifuta vumbi kila Jumamosi, na alipopita juu ya matuta alipunguza mwendo mpaka waliomfuata wakapiga honi. Idalina alikuwa akimtania kwamba gari hilo analitunza kuliko alivyomtunza marehemu mumewe.

Ijumaa moja ya Novemba, saa tatu asubuhi, walikuwa wakienda Fresno. Idalina alikuwa na miadi kwa daktari wa macho, naye asingeweza kuendesha akiwa amewekewa dawa ya kupanua mboni. Anga lilikuwa jeupe, barabara kavu. Walipofika pale pa kuingilia barabara kuu, lori lilikuwa likija kwa kasi upande wa kushoto, na Leonor akakanyaga mafuta mpaka mwisho ili alitangulie. Akalipita. Akatoa mguu.

Gari halikupunguza mwendo.

"Mbona unakimbia hivyo, dada?"

"Sikimbii mimi. Limenasa."

"Nini kimenasa?"

"Mafuta. Mguu nimeshautoa."

Idalina aliinama akatazama. Ni kweli, mguu wa dada yake ulikuwa juu ya breki. Mshale ulipita maili themanini, ukaelekea tisini. Leonor alikanyaga breki, akaachia, akakanyaga, akaachia, kama alivyofundishwa ujanani kwenye barabara zenye utelezi. Mara ya kwanza gari liliitika kidogo. Mara ya nne breki ilikuwa ngumu kama jiwe.

Kabla ya kuzaa, Idalina aliwahi kuendesha lori la maziwa miaka tisa. Hakupiga kelele. "Weka frii," alisema, kwa sauti ile ile ambayo angeombea chumvi mezani.

"Injini itakufa."

"Dada. Weka frii."

Injini ilikuwa ikinguruma vibaya, na kilichomjia Leonor kichwani, aje akikumbuke kila siku iliyobaki ya maisha yake, ni kwamba gari lile lilikuwa jipya. Idalina akanyoosha mkono kuishika gia. Leonor akausukuma mkono ule, kama unavyousukuma mkono wa mtoto anayegusa jiko.

Mbele yao lori la majani makavu lilikuwa likijikokota. Kushoto palijaa magari. Leonor akakata kulia, akaingia kwenye njia ya kutokea, na njia ile ilikuwa na kona. Hakuiweza. Gari likagonga nguzo ya zege ya daraja, upande wa abiria.

Leonor alivunjika nyonga na mtulinga. Idalina alifariki pale pale barabarani, kabla gari la wagonjwa halijafika, huku mwanamume mmoja asiyewajua akimfunika kwa koti lake.

Wakamzika Idalina huku Leonor akiwa bado hospitalini. Wakati wa Krismasi Leonor alirudi nyumbani, akitembea kwa kushika kiunzi cha chuma, na wanawake wa parokia wakamletea supu na mkate mtamu, wakamwambia hakuwa na kosa.

Katikati ya Januari akaja mchunguzi wa polisi wa barabarani, mtu mpole aitwaye Pruitt. Aliketi jikoni, kofia akaipakata.

"Mama Borba, tumemaliza kulikagua gari. Halikuwa na ubovu wowote. Kulikuwa na zulia la mpira juu ya zulia la kiwandani. Halikufungwa popote, likateleza mbele. Ulipokanyaga mpaka mwisho, pedeli ikaingia chini ya ukingo wake, ikabanwa hapo."

Leonor akatazama mikono yake. "Hilo mmeliandika?"

"Limo kwenye ripoti. Familia ya marehemu wametumiwa nakala."

Leonor akauliza, "Mtu anayejua angefanyaje?"

Pruitt alisita. Hakuwa amekuja kumfundisha marehemu wala aliyesalia. Lakini aliona kwamba anataka kujua kweli, akamwambia. Breki unaikanyaga mara moja, kwa nguvu zote, na huiachii, kwa sababu ukiipampu, ukikanyaga na kuachia, inaishiwa nguvu ya kukusaidia. Gia unaitoa, unaiweka frii, na hapo injini haisukumi tena magurudumu. Unawasha taa za hatari, unajivuta pembeni, unasimama. Ukishasimama ndipo unazima gari. Usilizime likiwa kwenye mwendo, maana usukani utakuwa mzito na utashindwa kukata kona. Na mkono usiuingize miguuni kuvuta zulia, utaacha kuona mbele.

"Na injini? Ukiweka frii?"

"Italia sana, itakutisha. Haya magari ya sasa yanajizuia yenyewe, injini haifi. Na hata ingekufa, mama, injini inanunuliwa."

Alipoondoka, Leonor alibaki pale pale jikoni mpaka kahawa ikapoa.

Manuel alikuja Jumapili baada ya misa. Alikuwa amekonda mpaka kola ya shati ilimpwaya. Hakuvua koti. Aliitoa ripoti mfukoni, imekunjwa mara nne, akaiweka mezani.

"Umeisoma?"

"Nimeambiwa."

"Mimi ndiye nililikata lile zulia," Manuel alisema. "Kwa mikono hii. Sikulifunga. Ningetoboa matundu mawili tu, nikapitisha waya. Ng'ombe nawafungia geti kwa minyororo miwili, shemeji, na zulia sikulifunga."

"Manuel, nisikilize. Idalina aliniambia niweke frii."

Akamtazama.

"Aliniambia mara mbili. Nikakataa, nikasema injini itakufa. Akanyoosha mkono aiweke mwenyewe, nikausukuma. Zulia lilinasa, sawa. Lakini palikuwa na muda wa kusimama. Mdogo wangu alijua la kufanya, mimi ndiye niliyemzuia."

Manuel aliinamisha kichwa kwa muda mrefu. Alipokiinua, macho yake yalikuwa mekundu, na usoni alikuwa na upole ambao Leonor hakuutarajia.

"Wewe ni mwema," alisema. "Siku zote umekuwa mwema. Lakini usinitungie maneno ili nijisikie nafuu."

"Sikutungii."

"Idalina hakupata nafasi ya kusema kitu. Imeandikwa hapa, ni sekunde chache tu."

"Manuel, nilikuwepo."

"Basi, shemeji. Basi. Niachie mzigo wangu niubebe."

Akambusu kwenye paji la uso, akatoka. Mara mbili tena Leonor alijaribu kumwambia, moja kwa simu, nyingine makaburini, na mara zote mbili Manuel alimtuliza kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Mwezi wa Machi Manuel akaanza kuuza ng'ombe.

Binti wa Manuel na Idalina, Graça, alikuwa na miaka ishirini na minne, na alikuwa akienda kazini Visalia kila siku kwa barabara ile ile. Aprili, Leonor alimpigia simu akamwomba ampitie Jumapili. Alimwelekeza mpaka kwenye uwanja mpana wa duka kubwa lililofungwa, lami tupu yenye magugu kwenye nyufa.

"Toa hilo zulia, nione kama limefungwa. Vizuri. Sasa kimbia mpaka maili thelathini, kisha weka frii na ushike breki. Usiiachie."

"Mama mkubwa, mimi najua kuendesha."

"Hata mimi nilijua. Fanya."

Akafanya. Gari likasimama bila fujo. Akarudia mara sita, na mara ya mwisho mkono wake ulikwenda kwenye gia bila yeye kuutazama.

"Mbona ni rahisi hivi," Graça alisema taratibu. "Mama aliijua hii?"

Leonor angeweza kusema hajui. Alijua Manuel ameshamwambia Graça kuhusu zulia, na kwamba binti huyu hulala akimlaumu baba au kumhurumia, au yote mawili. "Aliijua. Aliniambia mara mbili. Sikumsikiliza, na mkono wake nikausukuma."

Graça hakumwambia kwamba anatunga. Alishika usukani kwa mikono yote miwili akatazama mbele, na machozi yakamtoka bila sauti. Kisha akawasha gari, akamrudisha mama yake mkubwa nyumbani, akamshusha pamoja na kiunzi chake, akamfikisha mpaka mlangoni. Hakuingia.

Wiki tano hakupiga simu. Ya sita, Jumatano, simu ikalia.

"Nimemwambia baba," Graça alisema. "Nimemwambia mimi nakuamini."

"Amesemaje?"

"Amekaa zizini tangu asubuhi. Hataki kula. Sijui kama nitaweza kuja kwako tena, mama mkubwa. Ila kwake siwezi kukaa peke yangu leo. Nije nikuchukue?"

Leonor alisema ndiyo, akaenda kutafuta viatu.