Tangi la Shule ya Penrowan

Kila mwaka, wiki ya kuja mkaguzi wa nyimbo, Mwalimu Loveday Pascoe aliwapanga watoto mistari minne, akagonga mezani kiuma chake cha chuma cha kupimia sauti, kisha akapita katikati yao ameinamisha sikio. Aliyeimba nje ya sauti aliguswa bega.

"Wewe, mpenzi, Alhamisi chezesha midomo tu."

Mtoto aliitikia kwa kichwa. Nyuma ya shule, maji ya tangi la bati yakapanda.

Penrowan, mji wa wachimba shaba wa Australia Kusini, haukuwa na mto, na watu waliyashukuru maji hayo. Ukifungua bomba, maji yalitoka yakiimba kwa sauti ya yule aliyenyamazishwa.

"Mwalimu, chai yangu leo imeimba vizuri kuliko wewe," Bwana Rodda wa kamati ya shule alimtania. "Imekosea ubeti wa pili tu."

Mwalimu alicheka kwa adabu. Hakuwa mtu mbaya. Shule iliyopata alama chini ya sabini ilifutiwa somo la nyimbo, na watoto wa mgodini wangebaki na hesabu na cherehani. Kwa miaka kumi na minane alijiambia kwamba anawanyamazisha wanne ili sitini waimbe.

Mmoja wa wanne wa mwaka 1905 alikuwa Jory Tregenza, mwenye miaka tisa. Tangu siku hiyo hakuimba tena, hata kanisani, hata peke yake akinyoa ndevu. Mwaka 1917 akafia vitani Ufaransa. Mama yake alitaka kitu kimoja tu duniani: amsikie mara moja tena.

"Maji yakimwagika hayazoleki, Mama Jory," Mwalimu alimwambia alipomkuta bombani.

"Ndiyo maana nimekuja na ndoo."

Tatizo ni kwamba sauti mpya zilitangulia kutoka, kama watoto wanavyogombania mlango, na za zamani zilibaki nyuma. Ilibidi tangi, lililojazwa pia na mvua, likaribie kukauka. Basi kanisa zima likiomba mvua, Mama Jory aliomba jua, tena kwa sauti, na majirani wakaacha kumpelekea keki ya zafarani.

Kiangazi cha 1920 mvua haikunyesha. Jumanne moja ya Machi, saa ya mapumziko, bomba lilikohoa, kisha Jory akaimba. Ulikuwa wimbo wa kondoo aliyepotea, beti mbili, nusu ndoo. Mama yake alishika mdomo wa bomba kwa vidole viwili, kama anamfuta mtoto maziwa. Maji yakaisha.

"Ndivyo alivyokuwa anawaharibia?" alimuuliza Mwalimu, aliyekuwa amesimama kando.

Mwalimu alitamani kudanganya, akashindwa. "Sauti yake ilikuwa chini kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Mwalimu akainua kidole na gumba. Katikati ingepita punje moja ya ngano. Mama Jory alipatazama pale muda mrefu, kisha akaifunika ndoo kwa aproni yake, akaenda nayo nyumbani taratibu asimwage.

Mwalimu alibaki kando ya tangi tupu. Alitamani kuwaita wote aliowagusa, waliokua na waliokufa, awaambie waimbe wapendavyo. Kisha kengele ikalia.

Darasani, mstari wa pili, Tamsin Hocking alikuwa akiimba kichwa juu, macho ameyafumba kwa raha. Alikuwa chini kidogo. Mkaguzi alikuwa anakuja keshokutwa.

Mwalimu alisimama nyuma yake hadi wimbo ukaisha. Aliomba waurudie, akausikiliza tena wote. Halafu akamwekea mkono begani.

Tamsin aliitikia kwa kichwa. Nje, bati la tangi lililia kwa tone la kwanza, na watu wakatoka majumbani na ndoo zao.