Shujaa Haachi Lango

Goti la kipa Twahir lilivimba mapema, lakini kila alipomwashiria kocha amtoe, mashabiki wa Kwa Mrombo walighani: "Shujaa haachi lango, hata kuta zianguke!" Kocha akajifanya haoni. Nani athubutu kumtoa mtu anayeghaniwa?

Kiherehere cha Twahir mwenyewe. Yeye ndiye aliyewafundisha ubeti huo wa utenzi wa kale, ambao bibi yake Mwamvua huughani nyumbani kila Ramadhani. Na bibi akishaanza, hainuki mtu mpaka shujaa aanguke.

Wakati wa mapumziko Twahir alichechemea hadi kwenye uzio. "Jamani, mmeishia katikati! Mwishoni shujaa anaanguka, wenzake wanambeba, anasimama mwingine langoni. Malizieni, nami nipumzike!"

Wakamsikiliza kwa adabu, wakamwomba awafundishe na beti za mwisho. Akawafundisha, moyo ukamtulia.

Kipindi cha pili kilipoanza, kocha alimrudisha langoni. Jukwaa zima likaketi, hakuinuka hata mmoja. Wakaughani utenzi polepole, kwa sauti tamu, macho yote kwake, wakimsubiri aanguke.