Sanamu ya Kaka Rogatus

Mama alilijengea bafu la mji paa jipya, basi baraza likaamua asimamishiwe sanamu pale uwanjani, na sifa zake zichongwe kwenye jiwe chini. Kwetu ukipewa heshima hiyo unashukuru, halafu gharama unabeba mwenyewe. Ukikaa kungoja baraza lilipe, mji mzima utakucheka.

Mama akashukuru. Ila akasema sanamu isiwe yake, iwe ya mwanawe Rogatus.

Hilo si geni, wazazi wengi wanafanya hivyo. Shida ni kwamba kaka Rogatus alipanda meli ya ngano kule Karthago wakati mimi bado najifunza herufi, na mpaka leo kimya. Sasa nimemaliza masomo, nataka kwenda Roma nikajaribu maisha, na jibu la mama halibadiliki: "Kaka yako akirudi, utaenda."

Mzee Sittius Fuscus, mkuu wa baraza, akaja nyumbani na fundi wa mawe.

"Mama Rogatus," akaanza. Uso wa mama ukang'aa, maana siku hizi watu wamehamia kumwita kwa jina langu, Mama Iddibal. "Tuandike nini sasa? Kijana hana cheo hata kimoja."

"Andika ni mwanangu."

"Hata mimi nina wanangu, wamejaa nyumbani wanakula tu. Mbona hawana sanamu?"

Fundi akacheka, mama alipomtazama akajifanya anakohoa.

"Nisikilize," Fuscus akashusha sauti. "Tukiandika 'kwa kumbukumbu yake', yameisha. Marehemu haulizwi cheo."

Mama akanigeukia. "Iddibal, wewe unasemaje?"

Kaka akiandikwa marehemu, hakuna tena wa kumngoja, na mimi niko njiani. Neno lilishafika mdomoni kabisa. Nikamwona mama anavyoning'ang'ania kwa macho, kama mtu anayeomba asisukumwe.

"Andikeni jina lake na la mama," nikasema. "Basi."

"Wasomi nyie!" Fuscus akatikisa kichwa. "Watu watauliza huyu alifanya nini."

"Waulize," mama akasema. "Wakiuliza watamtaja."

Mchongaji naye akataka sura ya kuiga. Sura iliyopo ni yangu. Nikasimama kwenye karakana yake nimevikwa joho, mpaka miguu ikafa ganzi.

"Kidevu juu, dogo! Wewe ni mtu wa heshima hapo, si muuza vitunguu!"

Mama kakaa pembeni. "Pua ya Rogatus ilikuwa nyembamba kidogo," akasema. Akafikiri. "Nadhani."

Sanamu wameisimamisha karibu na bomba la maji. Wanaosubiri zamu ya kuteka wanasoma jiwe kwa sauti, watoto wanasoma kwa kubishana, na mama siku hizi hatumi mtu maji, anakwenda mwenyewe na mtungi wake, hana haraka. Akisikia msomaji ana lafudhi ya mbali, ananisukuma: "Nenda kamuulize, labda alimwona."

Naenda. Nimeuliza madereva wa mikokoteni, askari wastaafu, wauza mafuta.

Juzi mmoja akasema katokea Ostia, bandari ya Roma yenyewe, huko meli za ngano zinakoshusha. Mama alikuwa anatutazama kutoka kule bombani, mtungi umejaa hadi unamwagika. Nami nikasahau habari za kaka. Nikamuuliza yule mtu kuna baridi kiasi gani huko, na kama kijana akifika peke yake anapata pa kulala.